Jinsi ya kuandika stori ya mapenzi ya mwanamfalme aliyejificha Uskoti

Kama unataka kuandika stori ya mwanamfalme kajificha Uskoti ya zamani halafu anampenda binti wa ukoo, anza na sababu ya kujificha, bila hatari ya kweli mapenzi hayo hayana uzito. Historia imeshakupa mfano: mwaka 1746, baada ya kushindwa vita ya Culloden, Charles Edward Stuart, mwanamfalme aliyepigania kiti cha ufalme wa Uingereza kwa ajili ya baba yake, alikuwa anatafutwa kwa dau la pauni 30,000, binti wa Kiskoti Flora MacDonald akamvusha kwa boti hadi kisiwa cha Skye kavalishwa gauni kama mtumishi wa kike wa Kiayalandi, jina Betty Burke. Hawakuwa wapenzi hao, kwa hiyo wako watunge upya.

Kujificha kuonekane mwilini. Charles inasemekana alivuka kijito akapandisha sketi juu mno, na hatua zake zilikuwa ndefu za kiume, sasa vitu kama hivyo ndo binti wako avione kabla hajaambiwa chochote. Lugha nayo, wenyeji wanaongea Kigaeli, mwanamfalme wako kinampiga chenga, mwache anyamaze.

Na jamani binti asiwe wa kuokolewa tu! Flora alikamatwa, akaachiwa 1747. Binti wako naye akikubali kumficha mwanamfalme anaweka rehani baba, kaka, ukoo mzima, huo usiku anaoamua uandike taratibu kabisa, usiukimbize.