Nilimpa, alinipa, nilipewa: vitenzi vya kutoa katika Kijapani

Kiswahili kina -pa, na kazi ya kuonyesha nani kampa nani tunaviachia viambishi: nilimpa, alinipa. Kijapani hakina viambishi hivyo. Mwelekeo umo ndani ya kitenzi chenyewe, kwa hiyo jiulize kwanza: kitu kinatoka upande wangu au kinaingia?

Tuseme mko ufukweni Dunga, Kisumu, na samaki wenu.

Watashi wa Achieng-san ni sakana o agemashita. Nilimpa Achieng samaki.
Achieng-san wa watashi ni sakana o kuremashita. Achieng alinipa samaki.
Watashi wa Achieng-san ni sakana o moraimashita. Nilipewa samaki na Achieng.

Kosa linalojirudia ni “watashi ni agemashita”. Ageru (umbo la kamusi la agemashita; ya wenzake ni kureru na morau) haiji kwako, wala kwa watu wako: jirani akimpa dada yako mdogo kitabu, sema imōto ni hon o kuremashita. Watu baki wakipeana wao kwa wao, ni ageru.

Ichunge hiyo “ni” ya Kijapani, kineno kinachofuata jina la mtu (si ile yetu ya “nilimpa”). Kwenye ageru na kureru inamfuata anayepokea. Kwenye morau inageuka na kumfuata aliyetoa. Ikikuchanganya, kwenye morau weka kara, “kutoka kwa”. Aliyetoa akiwa shule au kampuni, kara ndiyo inayofaa.

Sasa utamu wenyewe. Ile -ia ya “alinipikia” tunayo tangu utotoni, na Wajapani huipata kwa kuunganisha umbo la -te na vitenzi hivi vitatu. Tsukuru, kutengeneza au kupika, huwa tsukutte:

tsukutte agemashita, nilimpikia
tsukutte kuremashita, alinipikia
tsukutte moraimashita, nilipikiwa

Ukisema tsukurimashita tupu, umesema Achieng alipika, basi. Wema aliokutendea haumo, na Mjapani atausikia huo upungufu.

Kwa wakubwa, ageru huwa sashiageru, morau huwa itadaku, kureru huwa kudasaru (kwa adabu ni kudasaimasu, si kudasarimasu). Kuku unaowamwagia mahindi uani wana kitenzi chao, yaru.

Ila usimwambie mwalimu “kaban o motte agemashō”, nikubebee mkoba. Sarufi ni safi, lakini -te ageru kwa mkubwa hunuka masimango, kana kwamba unamhesabia fadhila. Sema o-mochi shimasu, kisha uubebe.