Jinsi ya Kupima Timu ya Besiboli Msimu Ukiwa Katikati
Shabiki wa Nairobi anayekesha hadi saa nane usiku, mechi ya jioni inapoanza New York, asiihukumu timu yake kwa ushindi pekee, kwani hata katika msimu wa mechi 162 bahati huficha mengi. Zidisha mikimbio (yaani pointi za besiboli) iliyofungwa kwa yenyewe, fanya vivyo hivyo kwa iliyoruhusiwa, kisha gawanya jibu la kwanza kwa jumla ya yote mawili; utapata sehemu ya mechi ambayo timu ilitarajiwa kushinda. Timu iliyofunga 400 na kufungwa 360 hupata takribani 0.55, yaani ushindi 45 hivi katika mechi 81. Ikiwa imeshinda 50, mimi singeuamini msimamo huo wa ligi. Kagua pia majeraha ya warushaji, yaani wachezaji wanaomrushia mpigaji mpira.