Gauni la Kipinapu na Gari la Kale

Kwa anayevutiwa na mtindo wa pinapu, yaani wa warembo wa picha za ukutani wa Marekani ya miaka ya 1940 na 1950, ningeshauri aanze na tepu ya fundi cherehani na asiiamini namba ya kwenye lebo ya gauni la zamani, kwa sababu namba za wakati ule zilikuwa za miili midogo kuliko namba zile zile za leo. Tangu mbunifu wa mavazi Mfaransa, Christian Dior, alipoonyesha mavazi yake mjini Paris mwezi Februari 1947, kiuno chembamba juu ya sketi pana ndicho kilichobeba umbo lote, kwa hiyo kiuno kikikaa sawasawa, mengine fundi atayarekebisha.

Utakapopanda gari la wazi, tuseme Chevrolet Bel Air ya mwaka 1957, kunja kitambaa cha hariri cha mraba kiwe pembetatu, kipitishe juu ya nywele, pishanisha ncha zake chini ya kidevu, kisha uzifunge kisogoni ili upepo usivuruge mawimbi ya nywele uliyoyatengeneza kwa saa nzima. Keti kwanza huku miguu ikiwa nje, kusanya sketi na gagulo lake, ndipo uingize miguu yote miwili kwa pamoja.

Usiegemee gari kabla ya kumwomba mwenyewe ruhusa na kuvua bangili, pete na mkanda wenye bizimu ya chuma, kwani rangi ya kiwandani ikishakwaruzwa hairudi tena katika uasili wake.