Somo: Tangi la chuma lililoachwa kuwa sanaa ya umma

Mti wa kijani uliochorwa kwenye tangi linalodondosha rangi ya risasi udongoni ni uongo wenye urefu wa mita 12. Ndiyo maana brashi inaingia hatua ya tano. Mfano wetu ni tangi la mafuta lililosimama, kipenyo mita 10, urefu mita 12.

Hatua ya 1: Jua lilibeba nini. Tafuta michoro ya zamani na uulize waliolihudumia. Kwangua rangi sehemu tano tofauti hadi kwenye chuma, upeleke maganda maabara yakapimwe risasi na kromiamu. Chukua pia vipande vya gasketi na vya kitambaa kinachofunika mabomba. Mara nyingi asbesto, nyuzi zinazodhuru mapafu, hukaa humo. Udongo nao upimwe. Gas Works Park ya Seattle, Marekani, ilikuwa kiwanda cha gesi kilichoanza 1906 na kufungwa 1956. Bustani ilifunguliwa 1975 kwa ubunifu wa Richard Haag, minara ikaachwa na kutu yake, lakini masalia ya lami ardhini yaliendelea kuhitaji kazi miongo mingi baadaye.

Hatua ya 2: Asiingie mtu kabla hewa haijapimwa. Hewa ya kawaida ina oksijeni 20.9%. Ikisoma chini ya 19.5%, kaeni nje. Wengi huogopa mvuke wa mafuta na kusahau kutu: inapojitengeneza hula oksijeni, kwa hiyo hata tangi tupu, safi na lililofungwa linaweza kuua. Pima juu, katikati na chini, maana gesi nzito hulala sakafuni. Msimamizi abaki mlangoni, na yeye asiingie kuokoa bila kifaa cha kupumulia. Kabla ya kukata kwa moto, kipimo cha mvuke unaowaka kisome sifuri.

Hatua ya 3: Pima unene wa bati. Tumia kipimo cha mawimbi ya sauti, kila mita moja kuzunguka kitako. Mzunguko ni mita 31.4, kwa hiyo pata vituo 31 au 32. Kitako kinapokutana na sakafu ndipo maji hulala na ndipo chuma huisha kwanza. Nyundo ndogo husaidia kutafuta pa kupima: chuma kizima hulia, kilicholika hutoa mlio mfu. Vipimo vyote apewe mhandisi wa miundo.

Hatua ya 4: Kazi ya sanaa iwe kazi kweli. Angalia ubavuni kama bado kuna ubao wa vipimo: boya ndani, kebo juu ya roda, mshale nje. Hiyo ni sanaa iliyokwisha kutengenezwa. Paa la kipenyo cha mita 10 lina mita za mraba 78.5, hivyo mvua ya milimita 10 huleta lita 785 kabla ya upotevu. Elekeza maji kwenye chombo safi kilichowekwa ndani (tangi lenyewe lisiguse maji hayo), tumbukiza boya humo, na mpita njia ataona mvua ikihesabiwa. Kosa linalojirudia ni kuanza namba chini: maji yakipanda mshale hushuka, kwa sababu kebo inalegea. Namba zianzie juu kwenda chini.

Mkikata madirisha, pembe ziwe za mviringo. Pembe kali ndiyo mwanzo wa ufa. Na ukingo uimarishwe kwa fremu ya kuchomelea kadiri mhandisi atakavyosema.

Hatua ya 5: Rangi. Ukuta una mita za mraba 377. Safisha kwa kupiga chembe ngumu kwa hewa ya kasi hadi daraja la Sa 2½ (chuma karibu kitupu). Usitumie mchanga wa kawaida, vumbi lake huharibu mapafu. Kama vipimo vilionyesha risasi, zungushia eneo hema lililofungwa na kusanya taka zote.

Lita moja hufunika mita za mraba sawa na asilimia ya yabisi (sehemu ya rangi inayobaki ikikauka) mara 10, gawanya kwa unene wa mikroni (sehemu ya elfu ya milimita). Ongeza upotevu wa 30%, yaani gawanya jumla ya lita kwa 0.7:

- Praima ya epoksi yenye zinki, yabisi 60%, mikroni 60: lita 54.
- Epoksi ya kati, yabisi 80%, mikroni 120: lita 81.
- Poliyurethani ya juu, yabisi 50%, mikroni 50: lita 54, zikigawanywa kwa rangi za mchoro.

Sagia kingo kali, kisha pitisha brashi kwenye kingo na mishono ya kuchomelea kabla ya kupulizia, kwa kuwa rangi hukimbia ncha. Joto la bati lizidi joto la kutunga umande kwa nyuzi 3 au zaidi. Alfajiri tangi hutoa jasho usiloliona; rangi iliyopakwa juu ya jasho hilo huvuliwa kama ganda la yai.

Hatua ya 6: Vinavyofungwa juu. Bolti za chuma cha kawaida kwenye bati la chuma kisichoshika kutu huoza upesi. Tumia bolti zisizoshika kutu na washa za nailoni. Bati la alumini la mita 3 hurefuka karibu milimita 2.8 joto likipanda nyuzi 40, kwa hiyo matundu yawe marefu.

MASWALI YA WANACHAMA

Mkuu, tukiacha kutu ionekane kama kwenye bustani ya Landschaftspark huko Duisburg, Ujerumani, tupake vanishi juu?
Vanishi hapana. Jua hupenya, kutu huendelea chini yake, nayo hubanduka vipande vipande. Kule Landschaftspark, kiwanda kilichofungwa 1985 na kubuniwa upya na Peter Latz, kutu ni sehemu ya mandhari. Ila chuma cha kawaida hakiachi kulika, kwa hiyo achia kutu pale tu unene unaporuhusu, na upime tena kila mara.

Tunataka bustani ya kuzunguka ukuta wote, imefungwa kwenye tangi. Inawezekana?
Piga hesabu kwanza. Sanduku la kina sentimita 30 na upana sentimita 40 kwa mita 31.4 ni takriban mita za ujazo 3.8. Udongo uliolowa una karibu tani 1.8 kwa mita ya ujazo, yaani tani 6.8 zikining'inia kwenye bati la zamani. Masanduku yakae ardhini kwenye msingi wake, na mimea ipande kwenye nyaya zilizo sentimita 15 kutoka ukutani.

Letu ni ghala la nafaka la zege, si chuma. Rangi ilifura mapovu.
Unyevu unatoka nyuma ya rangi isiyopumua. Ondoeni yote, zibeni nyufa, safisheni nondo zilizoanza kutoa kutu, subirini siku 28 kiraka kikomae, kisha tumieni rangi ya silikati, ambayo hupitisha unyevu. Kwanza kabisa kagueni paa: kama linavuja, mapovu yatarudi palepale.