Mume Akiwa Vitani: Ninavyowasiliana Naye Nikiwa Lanet

Baba Neema, mume wangu mwanajeshi wa Kenya, aliingia Somalia mara ya kwanza mwaka 2012, Neema akiwa bado ananyonya. Amekwenda mara tatu sasa, na mara zote nimebaki hapa Lanet, Nakuru, na simu mkononi. Dada ambaye wako ameondoka juzi, haya ndiyo ningetamani niambiwe siku ile.

Neno zito litangulie. Sisi tumezoea kujuliana hali kwanza, mvua, mifugo, majirani, la maana likaja mwisho. Laini ya kule hukatika bila kuaga. Nikipokea tu nasema: "Tuko wazima, watoto wamekula, tunakuombea." Simu ikikatika hapo, atalala akijua. Mengine yatafuata.

Pokea nambari ngeni, maana huenda ameazima simu ya mwenzake, au ana laini ya kule inayoanza na +252. Lakini mtu akipiga kudai mumeo amejeruhiwa, utume pesa kwa M-Pesa asafirishwe, kata. Huyo ni tapeli. Piga kambini. Kwa hiyo kabla hajaondoka, andika daftarini kikosi chake, nambari yake ya jeshi na simu ya ofisi ya kambi yake, na uhakikishe kwamba nambari yako waliyo nayo ndiyo unayotumia. Niliwahi kubadilisha laini bila kuwaarifu, nikakaa miezi miwili hivyo. Nikikumbuka, moyo hunidunda hadi leo.

Usimuulize alipo, wako wangapi, wala wanahama lini. Akijua yeye inatosha. Na likizo yake usiitangaze Facebook. Majirani watamwona akishafika.

Mtandao ukiwa dhaifu, ujumbe mfupi hupenya mahali simu haipenyi. Andika mambo madogo ya nyumbani: bei ya maziwa imepanda, mama yako amepata miwani, paa la jikoni halivuji tena. Aliniambia hizo ndizo anazorudia kusoma akitoka zamu.

Shida usimfiche. Nilimficha malaria ya mtoto, akaisikia kwa ndugu yake, na wiki nzima hakuniamini nikisema tuko salama. Sasa namwambia shida pamoja na nilichokwisha kufanya: "Karo ilipungua, nimeongea na mwalimu mkuu, tutamalizia mwezi ujao."

Kigumu kuliko vyote ni kimya. Ijumaa ya tarehe 15 Januari 2016, kambi ya wanajeshi wetu ya El Adde, Somalia, iliposhambuliwa, Baba Neema alikuwa Somalia pia, kambi nyingine. Sikujua hilo. Picha za maiti zilizagaa kwenye simu za watu, na kuna mke wa mwanajeshi ninayemfahamu aliyemtambua wake humo kabla hajaambiwa na yeyote. Nakusihi, picha hizo usizifungue wala usizisambaze. Kaa na wake wengine wa wanajeshi, mlale nyumba moja ikibidi, mmoja wenu awe ndiye anayepiga kambini asubuhi na jioni.

Na uendelee kumwandikia. Siku nne hizo za kimya nilimtumia ujumbe kumi na mmoja, mmoja ukisema ng'ombe amezaa ndama jike. Siku ya tano ziliingia kwake zote kwa pamoja. Jibu lake la kwanza lilikuwa: "Niko salama. Ndama mmempa jina gani?"