Udongo wa kuchezea kwa siku za baridi

Wazazi wenzangu wa Moshi, Juni na Julai baridi ikibana na mtoto wa miaka 2 hatoki nje, mtengenezeeni udongo wa kuchezea. Changanya unga wa ngano vikombe 2, chumvi kikombe 1 na mafuta ya kupikia vijiko 2, kisha ongeza maji ya uvuguvugu kidogo kidogo ukikanda kama wa chapati, mpaka usinate mikononi. Ukitaka rangi, weka manjano.

Tafadhali kaa naye muda wote. Chumvi hiyo ni nyingi mno kwa mwili mdogo, asimeze. Vifuniko vya soda msimpe, vinakaba. Mwiko na kikombe cha plastiki vinamtosha kabisa.

Hifadhi kwenye kopo lenye mfuniko. Ukianza kunuka, tupa.