Namna ya Kusoma Hati ya Mkono ya Injili za Kigiriki za Zama za Kati

Mwanafunzi wa theolojia aliyejifunza Kigiriki katika vitabu vya chapa huamini kwamba anaweza kuzisoma Injili kwa lugha hiyo, mpaka siku anapofungua picha ya ukurasa ulioandikwa kwa mkono na mnakili wa Bizanti katika karne ya 11 au ya 12. Hapo hukuta herufi zilizoshikana, maneno yasiyotenganishwa vizuri, vifupisho vyenye mistari juu yake, na pambizo zilizojaa namba na maneno mekundu asiyoyaelewa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yake. Jambo kubwa la kushika tangu mwanzo ni hili: usiharakishe kuuliza hati inasema nini kabla hujatambua ni nani anayesema katika kila sehemu ya ukurasa, kwa kuwa ukurasa mmoja hubeba kazi ya mnakili, ya msahihishaji, ya mchora namba na ya wasomaji waliokuja karne nyingi baadaye.

Anza kwa kuitambua hati kwa namba yake. Mwaka 1908 Caspar René Gregory, mtaalamu wa hati za Agano Jipya, alipanga utaratibu unaotumika hadi leo: mafunjo, yaani hati zilizoandikwa kwenye karatasi ya matete, huandikwa kwa herufi P, hati za herufi kubwa hupewa namba inayoanza na sifuri, hati za herufi ndogo hupewa namba tupu, na vitabu vya masomo ya ibada huwekewa herufi l kabla ya namba. Orodha hiyo hutunzwa na taasisi ya utafiti wa matini ya Agano Jipya iliyoko Münster, Ujerumani, iliyoanzishwa na Kurt Aland mwaka 1959, ambayo pia huonyesha picha nyingi za hati bila malipo. Maktaba ya taifa ya Ufaransa, maktaba ya Vatikani na maktaba kuu ya Uingereza nazo zimeweka hati zao nyingi kwenye intaneti. Hati za herufi ndogo zinakaribia 3,000, hivyo una uwanja mpana wa kuchagua. Kwa mara ya kwanza chagua Injili nne zilizoandikwa kwenye ngozi katika karne ya 11 au ya 12, kwa maana waandishi wengi wa wakati huo walikuwa na mkono safi, na uziache hati za karne ya 15 zilizoandikwa kwa haraka hadi jicho lako litakapozoea.

Kabla ya kusoma neno lolote, kiangalie kitabu chenyewe. Ngozi zilikunjwa na kupangwa katika mafungu, na fungu la kawaida lina majani manane, yaani kurasa 16. Upande uliokuwa na manyoya huwa na rangi iliyokolea zaidi na mara nyingi huonyesha vitundu vya vinyweleo, ilhali upande wa nyama huwa mweupe na laini. Waandishi walipanga ngozi ili kitabu kikifunguliwa, upande wa manyoya uelekeane na wa manyoya, na wa nyama na wa nyama. Ukiona upande wa manyoya ukielekeana na wa nyama katikati ya fungu, shuku kwamba kuna jani lililopotea, kisha uhakikishe kwa kufuata mtiririko wa maneno. Jani lililopotea si jambo dogo. Hati namba 2814 ya Ufunuo, ambayo msomi Mholanzi Erasmus aliitumia alipotayarisha Agano Jipya la Kigiriki lililochapishwa Basel mwaka 1516, ilikuwa imekosa jani lake la mwisho, naye akalazimika kuzitafsiri aya za mwisho za kitabu hicho kutoka Kilatini kurudi Kigiriki. Matokeo yake, maneno ambayo hayakuwamo katika hati ya Kigiriki aliyokuwa nayo yaliingia katika chapa zilizosomwa kwa vizazi vingi.

Kazi inayofuata ni kujua uko wapi ndani ya Injili. Namba za aya tunazozitumia leo ziliwekwa katika Agano Jipya na mchapishaji Mfaransa Robert Estienne mwaka 1551, kwa hiyo usizitafute katika hati hizi. Badala yake utakuta mgawanyo wa zamani wa sura: Mathayo ina 68, Marko 48, Luka 83 na Yohana 18, na vichwa vyake huandikwa juu ya ukurasa, mara nyingi kwa wino mwekundu. Hapa wengi hujikwaa, kwa sababu sura ya kwanza ya mgawanyo huo haianzi pale Injili inapoanza. Katika Yohana inaanza kwenye arusi ya Kana, nayo ya Mathayo inaanza na mamajusi, yaani katika sura ya pili kwa hesabu yetu. Pambizoni utaona namba mbili, moja juu ya nyingine: ya juu ni ya kifungu, na ya chini inakuelekeza kwenye mojawapo ya majedwali kumi ya Eusebio, askofu wa Kaisaria katika karne ya 4, yanayolinganisha Injili nne. Jedwali la kwanza lina vifungu vinavyopatikana katika Injili zote nne, na la kumi lina vile vya Injili moja pekee. Ukijifunza kuzisoma namba hizo, utapata mahali unapopatafuta kwa haraka kuliko kufunua kurasa kwa kubahatisha.

Sasa jifunze mkono wa mnakili. Chagua kifungu unachokijua kwa moyo, kama vile Sala ya Bwana, ukinakili kwa penseli herufi kwa herufi, na utengeneze jedwali lako la alfabeti la mwandishi huyo. Beta, kapa na mu huandikwa kwa namna zinazokaribiana mno, na eta mara nyingi hufanana na h ya Kilatini. Majina matakatifu hufupishwa na kuwekewa mstari juu: ΘΣ ni Mungu, ΚΣ ni Bwana, ΙΣ ni Yesu, ΠΝΑ ni Roho. Mstari mfupi mwishoni mwa mstari wa maandishi waweza kusimama mahali pa herufi nu. Soma pia kwa sauti, kwa matamshi ya Kibizanti ambamo eta, iota, upsiloni, ει na οι zote hutamkwa i. Utaelewa mara moja kwa nini katika 1 Yohana 1:4 hati nyingine zina «furaha yetu» na nyingine «furaha yenu», kwani katika Kigiriki maneno hayo mawili hutofautiana kwa herufi moja tu ambayo sikio la mnakili halikuweza kuitenga.

Ukishaizoea herufi, tenganisha mikono. Linganisha rangi ya wino, unene wa kalamu na umbo la alfa, kisha ujiulize kama maneno yaliyo pambizoni yameandikwa na mtu yule yule. Maneno αρχ na τελ, yaani mwanzo na mwisho, yanaonyesha mipaka ya somo la ibada, wala si sehemu ya Injili. Pamoja nayo huja maneno ya kufungulia somo, kama «wakati ule» au «Bwana akasema», ambayo wakati mwingine yalihama kutoka pambizoni na kuingia ndani ya matini. Ndivyo yalivyofika katika Luka 7:31 kwenye chapa za Kigiriki za karne ya 16. Ukiyakuta, andika yako wapi na yameandikwa kwa mkono gani kabla hujatoa hukumu yoyote.

Kiini cha kazi ni kulinganisha. Chukua matini moja kamili iliyochapishwa, taja toleo lake, na uandike kila mahali hati inapotofautiana nayo: neno lililoongezwa, lililoachwa, lililobadilishwa au lililohamishwa. Kwa hati za Zama za Kati ni afadhali kutumia matini iliyo karibu na ile ya Bizanti, yaani ile inayopatikana katika hati nyingi za Zama za Kati, ili usijaze daftari tofauti ambazo hati nyingi zinashirikiana. Usiyaruke makosa ya wazi, kwa sababu kosa hutufunulia kitabu ambacho mnakili alikuwa akikitazama. Mfano ninaoupenda kuliko yote ni hati namba 109 ya karne ya 14, iliyoko London. Nasaba ya Yesu katika Luka ilikuwa imeandikwa katika safu mbili kwenye kitabu ambacho mnakili wake alikinakili, naye badala ya kumaliza safu ya kwanza na kwenda ya pili, akasoma mistari kwa kuvuka safu zote mbili. Karibu kila mtu akawa mwana wa baba asiye wake, Mungu mwenyewe akaandikwa kuwa mwana wa Aramu, na chanzo cha wanadamu wote kikawa Peresi. Kosa hilo linatuonyesha sura ya ukurasa wa kitabu cha awali.

Vipo vifungu vya kuchunguza katika kila hati. Habari ya mwanamke aliyefumaniwa, Yohana 7:53 hadi 8:11, imewekwa mwishoni mwa Injili ya Yohana katika hati namba 1 iliyoko Basel, na katika hati kadhaa za kundi la namba 13, yaani hati zenye matini ya ukoo mmoja na hati hiyo, imewekwa baada ya Luka 21:38. Ni kundi hilo hilo ambalo William Hugh Ferrar wa Dublin alilitambua mwaka 1868 kwa kulinganisha hati nne. Angalia pia kama kuna alama za nyota au mishale, ambazo huonyesha shaka, pembeni mwa kifungu hicho, na kama kuna maelezo yoyote kabla ya Marko 16:9, kwa kuwa aya zinazoanzia hapo hazimo katika baadhi ya hati.

Tarehe iache mwisho. Kwa ujumla, hadi mwaka 1000 hivi alama za pumzi, zile zinazowekwa juu ya irabu mwanzoni mwa neno, huwa na pembe, na baadaye huviringika. Ukibahatika kupata maneno ya mnakili mwishoni, huenda akataja mwaka tangu kuumbwa kwa ulimwengu. Mwaka huo ulianza Septemba 1, kwa hiyo utoe 5508 kwa miezi ya Januari hadi Agosti, na 5509 kwa miezi ya Septemba hadi Desemba. Injili ya Uspenski, hati namba 461 iliyoko St. Petersburg, iliandikwa na mtawa Nikolaos, akataja Mei 7 ya mwaka 6343. Ukitoa 5508 unapata 835, na hiyo ndiyo hati ya herufi ndogo ya zamani kuliko zote zenye tarehe. Hakikisha kwa hesabu ya mzunguko wa miaka 15, ambao Wabizanti waliutumia kuhesabu miaka: gawanya 6343 kwa 15, baki ni 13, na mnakili ametaja mwaka wa 13 wa mzunguko. Hesabu hizo mbili zisipopatana, soma upya herufi za namba kabla ya kumlaumu mnakili.

Katika daftari lako, kila tofauti iandikiwe namba ya hati, namba ya jani, upande wa mbele au wa nyuma, safu na mstari, pamoja na mkono ulioiandika. Herufi isiyosomeka kwa uhakika iwekewe nukta chini yake, na pengo lijazwe kwa mabano ya mraba, ili anayefuata aweze kufungua picha ile ile na kukukagua.